Budapest, Mji Unaopima Mto Wake

Msafiri wa gari la moshi huuliza saa ya kuondoka, na msafiri wa ndege huuliza lango la kupandia. Lakini msafiri wa meli ya mtoni hana budi kuuliza jambo la tatu, nalo ni hili: Je, maji ya mto yako namna gani? Wengi wa wasomaji wetu walio na watoto wao katika nchi za Ulaya hupata siku hizi mwaliko wa kwenda kutembea huko, na baadhi yao hulipiwa safari katika zile meli ndefu ziendazo mtoni kutoka mji hadi mji, abiria wakila na kulala humo humo. Kwa sababu hiyo nimeona yafaa kueleza habari za Budapest, mji mkuu wa Hungaria, ambako safari nyingi za namna hiyo huanzia, na kueleza kwa nini yampasa mtu kufika huko siku mbili kabla ya meli yake kuondoka.

Mto wenyewe ni Danube. Chanzo chake ni katika milima ya kusini mwa Ujerumani, nao huenda mwendo wa kilomita 2,850 hivi mpaka kuingia Bahari Nyeusi. Hupita katika nchi kumi, na miji mikuu minne imejengwa kandokando yake, yaani Vienna, Bratislava, Budapest na Belgrade.

KUFIKA MJINI

Nilifika Budapest siku ya Jumatano, tarehe 24 Oktoba 2018. Binti yangu, ambaye ni muuguzi katika Ujerumani, alikuwa amelipa nafasi mbili katika meli ya kupanda mto kwa siku saba, kutoka Budapest hadi Passau, mji wa Kijerumani ulio mpakani mwa Austria. Alisema hiyo ndiyo shukrani yake kwa karo niliyomlipia miaka ile nilipokuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa. Yeye alikuja kwa gari la moshi na alinitangulia kwa usiku mmoja.

Afisa wa uhamiaji uwanjani aliniuliza maswali matatu: nakwenda wapi, nitalala wapi, na nitarudi lini. Nilimwonyesha barua ya meli, barua ya hoteli, tiketi ya kurudi na cheti cha bima, akapiga mhuri bila neno zaidi. Hapa yafaa wasomaji wajue jambo moja. Hungaria, Slovakia, Austria na Ujerumani zote zimo katika mapatano ya Schengen, na kwa hiyo viza moja hutosha kwa safari nzima ya kupanda mto. Lakini meli ikishuka kuelekea kusini na kuingia Serbia, abiria ametoka katika nchi za mapatano hayo. Mwenye viza ya kuingia mara moja tu hataweza kurudi. Basi kabla ya kulipa, itazame ramani kwanza, picha za meli baadaye.

Kutoka uwanjani mpaka katikati ya mji ni kama kilomita 16, na basi la abiria hufika huko bila taabu. Fedha ya nchi hiyo ni forinti, ingawa Hungaria imo katika Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2004. Njiani niliona bendera nyingi zimetundikwa majumbani, zenye rangi nyekundu, nyeupe na kijani. Niliambiwa kwamba siku iliyopita, tarehe 23 Oktoba, ilikuwa sikukuu yao ya kukumbuka mwaka 1956, wakati watu wa mji huo walipoinuka kudai uhuru wao, na vifaru vya Urusi vikawazima.

BARUA YA KAMPUNI

Binti yangu alinipokea mlangoni pa hoteli. Aliniamkia kwa heshima kama kawaida yake, lakini niliona uso wake hauna furaha.

"Mwanangu, una nini?" nikamwuliza. "Au kuna habari mbaya kutoka nyumbani?"

"Nyumbani ni salama, Baba," akajibu. "Habari mbaya ni ya mto. Kampuni yenye meli imeandika kwamba maji yamepungua mno. Huenda meli isifike hapa kabisa. Tutaambiwa kesho jioni."

Nikamwuliza kama watarudisha fedha. Akatoa simu yake akanisomea mapatano ya safari, mstari baada ya mstari. Yalisema wazi kwamba mto ukishuka au ukijaa, kampuni yaweza kubadili njia, au kuwachukua abiria kwa basi, wala haiwajibiki kurudisha nauli. Binti yangu alikuwa amefanya kazi za usiku miezi mingi ili kupata fedha hizo, na likizo yake ilikuwa siku zile zile tu. Akaniambia, "Baba, ukisema twende kwangu Ujerumani kwa gari la moshi, tutakwenda. Sitaki uketi ndani ya basi wiki nzima baada ya kutoka mbali hivi."

Nilimwambia kwamba mkulima hakati shauri juu ya shamba kabla ya kulikanyaga. Tulale, kisha asubuhi twende tukautazame mto wenyewe.

KIPIMO NA MWAMBA

Mlinzi wa mlango wa hoteli ile alikuwa mzee aliyefanya kazi miaka mingi katika matishali ya kubeba nafaka na kokoto mtoni. Alijua Kijerumani, na binti yangu akawa mkalimani wetu. Zamu yake ilipokwisha asubuhi, alikubali kutuongoza hadi ukingoni.

Kwanza alituonyesha kipimo cha maji, karibu na uwanja uitwao Vigadó, upande wa mashariki wa mto. Siku ile, tarehe 25 Oktoba, maji yalisimama penye sentimita 33, chini kuliko yalivyopata kupimwa hapo wakati wowote. Nilistaajabu, maana sentimita 33 hazifiki magotini mwa mtu, na mbele yangu niliona mto mpana wenye mashua. Mzee akacheka, akaeleza. Kipimo hakianzii chini kwenye mchanga wa mto. Huanzia alama moja iliyowekwa zamani, isiyobadilika, ili hesabu ya mwaka huu ilinganishwe na ya miaka iliyopita. Katikati ya mto bado kina chapita urefu wa mtu. Lakini meli ya abiria, ambayo urefu wake waweza kufika mita 135, huzama majini kiasi cha mita moja na nusu na zaidi, nayo haipiti katikati tu. Kuna mahali mto unapotanda juu ya changarawe, na pale pale ndipo meli hukwama.

Nikauliza kwa nini maji hayazuiliwi kwa mabwawa, kama wafanyavyo katika Austria. Akajibu kwamba juu ya mto, Slovakia, kuna bwawa kubwa la Gabčíkovo lenye milango ya kupandishia na kushushia meli. Nyuma ya bwawa hilo maji hujaa mpaka Bratislava, na meli huelea humo hata wakati wa kiangazi. Lakini kutoka chini ya bwawa mpaka Budapest hakuna bwawa jingine. Hapo mto hufuata mvua na theluji ya milimani, na mvua ya mwaka ule ilikuwa haba.

Kisha tukavuka hadi upande wa magharibi, chini ya kilima cha Gellért, karibu na Daraja la Uhuru. Mwamba wa kijivu ulikuwa umetokeza majini, na vijana walisimama juu yake wakipigana picha. Jina lake kwa lugha yao ni Ínség-szikla, yaani Mwamba wa Dhiki. Huonekana tu maji yakishuka chini ya sentimita 95. Watu wa zamani walipouona walijua kwamba mwaka huo mavuno yatakuwa mabaya na njaa yaweza kuingia nchini, kwa kuwa ukame uliokausha mto ndio uliokausha mashamba.

Niliutazama mwamba ule kwa muda mrefu kuliko nilivyotazama jumba lolote la mji. Wale vijana hawakuwa na neno nao. Bali mimi niliyesimamia mizani ya kahawa, na kuona wakulima wakileta magunia nusu katika miaka ya ukame, nilielewa mara moja maana yake. Nikamwambia binti yangu, "Mwanangu, hapana mtu aliyekuibia. Kiangazi kimekula safari yako kama kinavyokula mahindi ya mama yako." Hakujibu, lakini niliona uso wake umelegea kidogo.

MTO ULIPOKUJA NA HASIRA

Mgeni asidhani kwamba watu wa Budapest huogopa upungufu wa maji peke yake. Mwezi Machi 1838 barafu ilivunjika mtoni, ikarundikana na kuziba njia ya maji, na mto ukaingia katika mji wa Pest usiku. Zaidi ya watu 150 walikufa, na nyumba zaidi ya 2,000 zikaanguka, maana nyingi zilijengwa kwa matofali ya udongo usiochomwa. Kabaila mmoja, Miklós Wesselényi, alizunguka kwa mashua akiwaokoa watu, na sanamu yake ya ukutani ipo mpaka leo ubavuni mwa kanisa la Wafransisko. Katika kuta kadhaa za mji utaona alama ionyeshayo maji yalifika wapi mwaka ule.

Baadaye walijenga kuta za mawe kandokando ya mto. Mwezi Juni 2013 Danube ulipanda hadi sentimita 891, juu kuliko ulivyopata kupimwa. Barabara za ukingoni zilifunikwa, lakini kuta zilizuia maji yasiingie katikati ya mji. Ukitoa 33 katika 891 utapata sentimita 858. Yaani katika muda wa miaka mitano tu mto ule ule ulipanda na kushuka kwa zaidi ya mita nane na nusu. Na mto ukijaa, meli hushindwa vile vile, kwa kuwa haziwezi kupita chini ya madaraja. Ajali pia zimetokea. Usiku wa tarehe 29 Mei 2019, miezi saba baada ya safari yangu, mvua ikinyesha na maji yakienda mbio, meli kubwa ya watalii iliigonga mashua ndogo karibu na Daraja la Margit. Watu 28 walipotea. Maiti 27 zilipatikana na mmoja hakuonekana tena.

MIJI MIWILI NA DARAJA

Zamani Buda, ulio vilimani magharibi, na Pest, ulio tambarare mashariki, ilikuwa miji mbalimbali. Iliunganishwa pamoja na Óbuda mwaka 1873 ikawa mji mmoja. Kilichotangulia kuiunganisha ni daraja. Yasimuliwa kwamba mwaka 1820 kabaila István Széchenyi alipata habari ya kifo cha baba yake, akakaa siku nyingi ukingoni asiweze kuvuka kwa ajili ya barafu. Ndipo akaazimia daraja la kudumu lijengwe. Daraja la Minyororo lilifunguliwa mwaka 1849. Mwingereza William Tierney Clark ndiye aliyelichora, na Mskoti Adam Clark ndiye aliyesimamia kazi. Mapema mwaka 1945 majeshi ya Kijerumani yaliyokuwa yakirudi nyuma yalililipua, pamoja na madaraja mengine yote ya mji. Lilijengwa upya, likafunguliwa mwaka 1949, miaka 100 baada ya mara ya kwanza.

Jumba la Bunge, lililokamilika mwaka 1904, limesimama ukingoni kabisa, urefu wake mita 268 na kimo chake mita 96. Si mbali na hapo kuna viatu jozi 60 vya chuma vilivyopangwa juu ya ukuta wa mto: vya wanaume, vya wanawake na vya watoto. Viliwekwa mwaka 2005 kuwakumbuka watu, wengi wao Wayahudi, ambao wanamgambo wa chama cha Msalaba wa Mishale waliwapiga risasi na kuwatupa mtoni mwaka 1944 na 1945. Waliamriwa kuvua viatu kwanza, kwa kuwa viatu vilikuwa na thamani. Mahali hapo watu hupita kimya, nasi tukapita kimya.

MHUNGARIA ALIYEFIKA KWETU

Msomaji wa Kenya atakuta katika mji huo jina analolijua. Bonde la Teleki katika Mlima Kenya limeitwa kwa jina la Sámuel Teleki, kabaila wa Kihungaria aliyekufa Budapest mwaka 1916. Mwaka 1887 alipanda mlima huo hadi penye theluji, na mwezi Machi 1888 msafara wake ulifika kwenye ziwa kubwa la kaskazini. Akaliita Rudolf kwa heshima ya mwana wa mfalme wake, kana kwamba Waturkana waliokaa pwani yake hawakuwa na jina lao. Jina la Turkana lilirudishwa mwaka 1975.

Lakini Teleki hakuijua njia. Msafara ule ulibebwa na wapagazi wa pwani, na pamoja naye alikwenda Jumbe Kimemeta, mfanyi biashara wa Pangani aliyezijua nchi za bara. Katika nchi kavu kama ile, uhai wa watu wote ulitegemea wale waliojua maji yako wapi. Baadhi ya vitu vilivyochukuliwa katika safari hiyo vimehifadhiwa katika Makumbusho ya Mila ya Budapest, ambayo tangu mwaka 2022 yamo katika jengo jipya ndani ya bustani kubwa ya mji.

Katika bustani hiyo hiyo kuna bafu la Széchenyi, lililofunguliwa mwaka 1913, ambalo maji yake hutoka ardhini yakiwa ya moto. Tulikwenda huko alasiri kwa gari la moshi la chini ya ardhi, ambalo limefanya kazi tangu mwaka 1896. Hewa ilikuwa baridi, mvuke ulipanda juu ya vichwa vyetu, na wazee walicheza sataranji majini mpaka vifuani. Jioni tukanywa supu ya samaki wa mtoni, nyekundu kwa unga wa pilipili usiochoma sana. Samaki wake wapasa kuliwa pole pole kwa sababu ya miiba.

SHAURI LILILOTOKA

Tulipokuwa bado mezani habari ya kampuni ikafika. Meli haitakuja Budapest. Mabasi yataondoka Ijumaa saa tatu asubuhi kuwapeleka abiria Bratislava, kama kilomita 200, na huko meli inangoja katika maji yaliyozuiliwa na lile bwawa. Tulikuwa tumepoteza siku moja ya mtoni, wala si safari nzima.

Asubuhi ile sisi tulikuwa tayari, mizigo imefungwa. Lakini mume na mke wazee, waliopanga kufika siku ile ile ya kuondoka, ndege yao ilitua saa sita mchana. Iliwabidi kutufuata kwa gari la moshi kwa nauli yao wenyewe, na walifika melini usiku wakiwa wamechoka sana. Mji wa Budapest hawakuuona ila dirishani.

Basi nawashauri wasomaji wetu mambo manne. Fikeni siku mbili kabla. Someni mapatano yote, hasa sehemu ihusuyo maji kushuka na kujaa, na ulizeni kama bima yenu hulipa jambo hilo. Chukueni viza ya kuingia zaidi ya mara moja ikiwa meli itashuka kusini. Na kila siku tazameni kipimo cha maji, ambacho serikali ya huko hutangaza kwa watu wote bila malipo.

Jambo la mwisho lahusu hata yule asiyetarajia kusafiri kamwe. Watu wa Budapest hawawezi kuuamuru mto wao. Lakini kwa kuwa huupima na kuandika kila siku, wajua ukuta uwe na kimo gani, meli ipite lini, na mwaka upi wafanana na upi. Mwenye shamba la ekari mbili aweza kufanya vivyo hivyo. Kipimo cha mvua si kitu cha gharama kubwa, na daftari ni bei ndogo zaidi. Niliporudi nilikisimamisha changu mbali na miti, nami huandika kila asubuhi saa tatu. Majirani wawili wameanza kuja kuuliza hesabu zake kabla ya kupanda.